Kompyuta ya mezani inawaka lakini haibuti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mashine nyingi za mezani zinazotumika Mombasa, iwe saiba, dukani au nyumbani, ni zile zilizotumika ng'ambo zikaletwa kwa kontena: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu. Zikigoma, mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo, na ndiyo maana tunasisitiza jambo moja: usinunue kifaa chochote, wala usikubali kufomatiwa (kufutiwa diski yote), kabla hujajua mashine imesimama hatua gani.

Hatua gani? Mbona mimi naona haiwaki tu?

Tangu ubonyeze swichi hadi uione Windows, safari inayoitwa kubuti, kuna mambo manne yanayofuatana. Kwanza pawasaplai, lile boksi la kugawa stima ndani ya kasha, inatoa stima na kuiarifu mazabodi, yaani bodi kuu, kwamba volti zimetulia. Pili mazabodi inajikagua: prosesa (ubongo wa mashine) ipo, RAM (kumbukumbu ya muda) ipo, pa kutolea picha papo. Ukaguzi huu mafundi huuita POST. Tatu BIOS, programu ndogo iliyomo ndani ya mazabodi, inatafuta diski yenye mfumo. Nne Windows yenyewe inajipakia.

Skrini ikiwa nyeusi tititi bila hata nembo ya Dell au HP, tatizo liko hatua ya kwanza au ya pili, na Windows haihusiki kabisa. Nembo ikitokea kisha yakaja maandishi meupe ya kulalamikia diski, umekwama hatua ya tatu. Ukiona vidoti vinazunguka, skrini ya buluu, au mashine inajizima na kujiwasha kila ikikaribia kufunguka, ni hatua ya nne. Anayekwambia "tuweke Windows mpya" ilhali nembo yenyewe haijatokea, mpe shukrani zake na uchukue mashine yako.

Kabla ya kufungua kasha nifanye nini?

Chomoa kila kitu cha USB isipokuwa kiibodi: printa, flashi, kisoma kadi, modemu, hata mausi. Flashi iliyosahauliwa nyuma ya kasha inatosha kuizuia mashine, kwa sababu BIOS huijaribu kwanza, isipate mfumo, na kukaa hapo.

Kisha skrini. Hakikisha ina stima yake na iko kwenye mlango sahihi wa kupokea picha. Skrini iliyowekwa HDMI huku kebo ikiwa ya VGA itakuandikia "No signal" siku nzima. Angalia pia nyuma ya kasha: kama kuna kadi ya picha iliyochomekwa, kebo iende kwenye kadi, kule chini, wala si kwenye mlango wa mazabodi ulio juu. Mashine nyingi huzima mlango wa mazabodi zikishaona kadi. Adapta za kugeuza DisplayPort kuwa VGA nazo hufa kimyakimya, basi jaribu bila adapta ukiweza, hata kwa kuazima skrini ya jirani au televisheni yenye HDMI.

Mwisho, zima ukutani, chomoa kebo ya stima, ushikilie swichi ya kuwashia kwa sekunde 30. Hiyo humaliza chaji iliyobaki kwenye mazabodi. Inaonekana kama uganga, lakini baada ya stima kukatika na kurudi kwa kishindo, mashine kadhaa hufufuka kwa hilo tu.

Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi. Nianzie wapi?

Anza na RAM. Hili ndilo jibu kwa sehemu kubwa ya mashine za aina hii hapa Pwani, na sababu yake ni hewa yenyewe: unyevu wenye chumvi huacha utando mwembamba kwenye meno ya dhahabu ya RAM na ndani ya sloti, na mguso mmoja tu ukikatika, POST inakwama.

Zima ukutani na uchomoe. Laza kasha upande wake mezani, si kwenye zulia. Gusa chuma cha kasha kwa mkono kabla hujagusa bodi, ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Fungua vishikizo vya pande mbili za sloti, RAM itaruka juu yenyewe. Ishike kingo, usishike meno.

Chukua raba nyeupe laini ya penseli, isiwe ile ya buluu ya kufutia wino maana hiyo ni kama msasa. Sugua meno pande zote mbili kwa upole, kutoka juu kwenda ukingoni, hadi yang'ae. Pangusa mabaki ya raba kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Ukiwa na spiriti ya kusafishia elektroniki, isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, malizia nayo na uache ikauke dakika tano. Spiriti ya hospitali huwa na maji mengi zaidi. Ukiitumia, subiri muda mrefu. Sloti isafishe kwa brashi kavu laini. Usiipulize kwa mdomo. Mate yana chumvi pia, na hapa chumvi tunayo ya kutosha.

Ukirudisha, tazama pengo la katikati ya meno lilingane na kinundu cha sloti, kisha sukuma pande zote mbili kwa vidole gumba hadi usikie "tak" mara mbili. RAM iliyoingia upande mmoja tu ndiyo kosa la kawaida baada ya kusafisha. Weka kijiti kimoja peke yake kwenye sloti iliyoandikwa DIMM1, washa, na usubiri dakika mbili kamili, kwa kuwa mazabodi ikiona RAM imebadilika huchukua muda kuipima. Ikikataa, jaribu kijiti kile kile sloti nyingine, kisha kijiti kingine. Kwa kubadilishana hivyo utajua kama mbovu ni kijiti au ni sloti.

Nimenunua RAM nyingine, imeingia vizuri, bado haiwaki. Inawezekanaje?

Tazama kibandiko chake. DDR3 haiwezi kuingia sloti ya DDR4 kwa sababu mapengo yake hayalingani, kwa hiyo ikiwa imeingia, aina ni sawa. Shida huwa RAM ya seva. Ile yenye herufi R baada ya namba ya kasi, kwa mfano PC3-12800R, inakaa kwenye sloti bila tatizo lolote, na huuzwa bei ya chini, lakini kompyuta ya kawaida ya mezani haiitambui. Unayoitaka kwa OptiPlex au EliteDesk ya kawaida huishia na herufi U.

Mashine inalia au taa inamweka kwa mpangilio. Ina maana gani?

Inakwambia ugonjwa wake, na ni watu wachache wanaoisikiliza. Rekodi kwa simu video ya nusu dakika ya taa ya swichi pamoja na sauti, kisha uhesabu kwa utulivu.

Kwenye Dell OptiPlex za miaka ya karibuni, taa humweka rangi ya kaharabu (njano ya kuelekea chungwa) mara kadhaa, kisha nyeupe mara kadhaa, halafu inapumzika na kurudia. Kaharabu 2 na nyeupe 1 ni prosesa. 2 na 2 ni BIOS iliyoharibika. 2 na 3 ni kwamba hakuna RAM iliyoonekana, 2 na 4 ni RAM mbovu, 2 na 5 ni RAM isiyofaa mashine hiyo. 2 na 6 ni mazabodi. 3 na 1 ni batri ya saa.

HP za zamani kidogo, kama Compaq 8000 na 8200 Elite, humwekesha taa nyekundu pamoja na milio: mara 2 ni joto kupita kiasi, 3 ni prosesa, 4 ni pawasaplai, 5 ni RAM, 6 ni kadi ya picha. HP za baadaye hutoa nyekundu ndefu zikifuatwa na nyeupe fupi: nyekundu 3 na nyeupe 2 ni RAM, 3 na 3 ni picha, 3 na 4 ni umeme wa bodi, 3 na 5 ni prosesa, na 2 na 2 ni BIOS.

Kwa mashine iliyounganishwa na fundi kwa vifaa tofauti, milio hutegemea kampuni iliyotengeneza BIOS, na kama hakuna kispika kidogo kilichochomekwa kwenye bodi, hutasikia kitu. Kimya hakimaanishi iko salama.

Nimesafisha RAM, nimehesabu taa, bado kiza. Sasa?

Punguza hadi kibaki kidogo kabisa: mazabodi, prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha RAM, pawasaplai, skrini. Toa kadi ya picha kama prosesa ina picha yake yenyewe. Chomoa waya za hadidiski zote na za DVD. Ikiwaka sasa hadi nembo au hadi lalamiko la kukosa diski, rudisha kimoja kimoja. Kitakachoizima tena ndicho mshtakiwa. Diski yenye shoti ndani inaweza kuikwamisha mashine nzima, na mlango wa USB wa mbele uliopinda, vyuma vyake vikagusana, hufanya vivyo hivyo.

Angalia waya ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Ikiwa imelegea, feni zitazunguka kama kawaida lakini prosesa haina stima. Kisha toa batri ya saa kwa dakika tano, stima ikiwa imechomolewa, ili BIOS irudi setingi za kiwandani. Lakini soma kwanza sehemu ya batri hapo chini, maana kurudisha setingi kunaweza kukuletea tatizo la pili.

Feni zinazunguka, basi pawasaplai si iko sawa?

Si lazima. Feni inahitaji volti 12 na hata zikishuka hadi 9 itazunguka tu. Prosesa na RAM haziko hivyo. Kwa pawasaplai ya kawaida ya pini 24, pima kwa mita ya kupimia volti huku mashine ikiwa imewashwa, kwa kuchomeka ncha ya mita nyuma ya plagi: waya ya njano iwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Nyeusi ni ya ardhi. Waya ya kijivu ndiyo inayobeba taarifa kwamba volti zimetulia, nayo isome karibu 5. Ikiwa 0 au inayumba, mazabodi haitaanza kujikagua.

OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo na taa ya kijani nyuma, pale pale kwenye pawasaplai. Chomoa plagi zake zote kutoka kwenye bodi na diski, iache kwenye stima, ubonyeze. Isipowaka kijani, pawasaplai imekufa na huhitaji mita.

Kuifungua pawasaplai yenyewe hatushauri kwa mtu asiyezoea. Ndani mna kapasita zinazoshika zaidi ya volti 300, na huendelea kuzishika kwa muda hata baada ya kuchomoa.

Naweza kununua pawasaplai yoyote?

Hapana, na wengi hupoteza pesa hapa. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia plagi kuu ya pini 8 badala ya 24, na HP EliteDesk na ProDesk nyingi zinatumia ya pini 6. Umbo la boksi pia ni tofauti kwenye makasha membamba. Beba ile ya zamani mkononi unapokwenda dukani, ulinganishe plagi, matundu ya skrubu na urefu. Na ikiwa ina kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kiko 230 kabla ya kuchomeka. Stima yetu ni volti 240. Kwenye 115 utasikia mlipuko mmoja tu.

Inawaka sekunde mbili, inazima, inawaka tena yenyewe. Tatizo ni lipi?

Ikizima ndani ya sekunde mbili tatu, shuku shoti: skrubu iliyoanguka chini ya mazabodi, kapasita iliyovimba kichwa, au mdudu aliyekauka kwenye bodi. Ikifika kwenye nembo ndipo ikazima baada ya dakika moja au mbili, shuku joto. Gusa hitisinki ya prosesa, kile chuma cha kuipooza, uone kama inacheza. Vishikizo vya plastiki kwenye mashine zilizosafiri ndani ya kontena huvunjika, na hitisinki ikiinuka kidogo tu, prosesa hujizima kujiokoa. Futa pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka kama chokaa, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, ukaze skrubu kwa mkingamo.

Kila asubuhi inaniambia saa si sahihi na nibonyeze F1. Nipuuze?

Usipuuze. Hiyo ni batri ya saa, CR2032, ile ya mviringo kama sarafu, ya volti 3. Ikipimwa chini ya 2.7 au hivi, ibadilishe. Dell huandika "Time-of-day not set", HP huandika "163-Time & Date Not Set".

Batri hii hufanya kazi pale tu mashine inapokosa stima ya ukutani. Nyumba nyingi hapa huzima swichi ya ukutani kila usiku, kwa sababu ya kuogopa moto au kuokoa tokeni, kwa hiyo batri inachoka mapema kuliko kule mashine zilikotoka.

Ukiacha ife kabisa, shida haiishii kwenye saa. BIOS inasahau kila kitu, pamoja na namna ya kuongea na diski. Dell nyingi zinaporudi setingi za kiwandani huweka SATA, njia ya bodi kuongea na diski, kwenye "RAID On". Ikiwa Windows yako iliwekwa wakati mashine ipo "AHCI", itaanza, vidoti vitazunguka mara mbili tatu, kisha skrini ya buluu yenye "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE". Diski nzima, Windows nzima, mafaili yote yapo, na hapo ndipo watu hufomatiwa bure. Ingia BIOS kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye Lenovo. Tafuta "SATA Operation" au "SATA Emulation", ubadilishe, uhifadhi, ujaribu. Isipofaa, irudishe ilivyokuwa. Kubadilisha setingi hiyo hakufuti chochote.

Fanya hivyo pia kwa "Legacy" na "UEFI", njia ya zamani na ya kisasa za kubuti. Windows iliyowekwa kwa njia moja haionekani na nyingine, na mashine itadai haina diski.

Kubadilisha batri kwenyewe ni dakika mbili: chomoa stima, sukuma kile kishikizo cha pembeni, batri itachomoka, weka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Halafu rekebisha tarehe kabla ya kuingia Windows. Mashine inayoamini ni mwaka 2012 itafunguka, lakini tovuti za benki na za serikali zitaikataa.

Imeandika "No boot device found". Diski imekufa?

Pengine. Ingia BIOS uone kama jina la diski limeorodheshwa. Kama halimo, zima, chomoa kebo ya SATA pande zote mbili, ichomeke tena, kisha ijaribu kwenye tundu jingine la bodi na kwa kebo nyingine. Kebo ya SATA ni kitu cha bei ndogo na huoza vyuma vyake kama kitu chochote kingine karibu na bahari. SSD (diski isiyozunguka) ndefu nyembamba ya M.2 itoe, isafishe meno kwa raba ile ile, irudishe na skrubu yake.

Kama jina lipo, angalia mpangilio wa kubuti. Bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, mara tu baada ya kuwasha, uchague "Windows Boot Manager" au diski yenyewe. Ikifunguka, tatizo lilikuwa mpangilio tu.

Mashine hizi zina kipimo chake cha ndani kisichohitaji Windows: Dell ni F12 kisha "Diagnostics", HP ni F2, Lenovo F10. Kikikutolea namba ya hitilafu ya diski, iandike mahali.

Diski inaonekana, lakini "BOOTMGR is missing" au inazunguka tu. Narekebishaje bila kufomati?

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, na mashine nyingine nzima ya kuiwekea Windows kwa programu ya bure ya Microsoft. Saiba yoyote yenye intaneti nzuri inatosha. Washa kupitia flashi. Ukifika ukurasa wa kuchagua lugha, bonyeza Shift na F10, dirisha jeusi la amri litafunguka.

Andika diskpart, kisha list volume. Tafuta patisheni (sehemu ya diski) ndogo ya FAT32, kawaida karibu MB 100, na ile kubwa yenye Windows. Tuseme ile ndogo ni namba 3: andika select volume 3, kisha assign letter=S, kisha exit. Hakikisha herufi ya Windows kwa kuandika dir C:\Windows, kwa sababu ukiingia kupitia flashi herufi huhama, na C inaweza kuwa D. Ukishaipata, andika:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ikikujibu kwamba mafaili ya kubuti yametengenezwa, toa flashi na uwashe. Amri hii tunaipendelea kuliko bootrec /fixboot, ambayo kwenye mashine za UEFI hupenda kukataa na kusema huna ruhusa. Mashine za zamani za Legacy, zisizo na ile patisheni ya FAT32, ndizo zinazofaa bootrec /fixmbr ikifuatwa na bootrec /rebuildbcd.

Tokeni iliisha katikati ya apdeti. Sasa haifunguki.

Kwanza subiri. Kama taa ya diski inamweka, iache kwa muda wa hadi masaa mawili, hasa yenye hadidiski ya kuzunguka badala ya SSD. Huenda inarudisha nyuma yale iliyokuwa imeanza.

Isipobadilika, izime kwa kushikilia swichi vidoti vinapozunguka, uwashe, ufanye hivyo mara mbili au tatu mfululizo. Windows itafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Pita "Troubleshoot", "Advanced options", "Uninstall Updates", utoe ile ya mwisho. Kama haitoki, rudi hapo hapo ujaribu "System Restore", kisha dirisha la amri na sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows.

Inaniomba namba ndefu ya kufungulia diski. Sijaweka neno la siri lolote!

Hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga diski, na namba yenyewe ina tarakimu 48. Windows huweza kuiwasha yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na huuliza namba pale BIOS au mazabodi inapobadilika. Ingia kwenye akaunti hiyo hiyo kwa simu, tafuta sehemu ya vifaa, namba ipo. Kama mashine ni ya ofisi, aulizwe msimamizi wa mitambo. Bila namba hiyo hakuna fundi atakayekufungulia mafaili, na anayekuahidi anakudanganya.

Diski inagonga "tik, tik". Naokoaje mafaili?

Zima. Kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza. Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski inayougua, kwa kuwa amri hiyo huilazimisha kusoma kila pembe na inaweza kuimaliza. Ichomoe, ichomeke kwenye mashine nyingine kama diski ya pili au kwa adapta ya USB, na uanze kukopi vilivyo muhimu zaidi kwanza: hesabu za duka, vyeti, picha. Filamu ziwe mwisho. Kwa anayejua Linux, ddrescue hunakili diski nzima na kuruka sehemu mbovu. Ikiwa haionekani kabisa, ni kazi ya maabara, na kadri ilivyoguswa na watu wachache ndivyo bora.

Ule ushauri wa kuiweka diski kwenye friza tuuache. Kwa unyevu wa hapa, ukiitoa tu inalowa mpaka ndani.

SSD haigongi. Siku ikifa, inatoweka tu kwenye BIOS.

Hewa ya bahari kweli inaharibu kompyuta ndani ya nyumba?

Ndiyo, na si nyumba za ufukweni pekee. Zinazotazama bahari Nyali, Bamburi na Kizingo ndizo zinaumia zaidi, hasa mashine ikiwa chini ya dirisha lililo wazi wakati wa kusi. Chumvi ikitua juu ya vumbi, vumbi hilo linanyonya unyevu, na bodi inakuwa na utando unaopitisha umeme. Miezi ya masika, Aprili hadi Juni, ndiyo utasikia mashine nyingi zilizokaa bila kuwashwa zimegoma.

Mashine isiyotumika iwashwe angalau saa moja kila wiki. Joto lake lenyewe huikausha. Isikae sakafuni. Fungua kasha kila miezi mitatu au minne, upige vumbi kwa brashi na kipulizo, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Sloti tupu nyuma ya kasha zizibwe kwa vibati vyake, maana hapo ndipo wanapoingilia mende, sisimizi na mjusi kafiri. Mjusi hupenda joto la pawasaplai, na akipita pasipo pake, anakufa yeye na pawasaplai.

UPS inasaidia au ni gharama tu?

UPS, kile kifaa chenye batri kinachoshikilia stima ikikatika, inasaidia, kwa sababu kinachoua mashine si stima kukatika peke yake bali ile ya kurudi. UPS ya VA 650 hubeba karibu wati 360, inatosha kompyuta moja na skrini kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza isichomekwe hapo, inavuta stima nyingi mno inapopasha joto. Batri ya ndani huchoka kwa miaka miwili mitatu, na mapema zaidi kwenye chumba cha moto. Usiponunua UPS, basi stima ikikatika zima ukutani, na ikirudi ngoja dakika tano kabla ya kuwasha.

Ukigusa kasha likakupiga shoti ndogo, soketi haina ardhi. Mwite fundi wa stima kwanza, wa kompyuta baadaye.

Windows 10 imeisha muda. Ndiyo sababu haibuti?

La. Microsoft iliacha kuitolea apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini haikuizima. Sababu itafute kwingine.

Nimeshindwa, napeleka kwa fundi. Nimwambie nini?

Mwambie ilisimama hatua gani, maandishi yaliyotokea neno kwa neno au mpangilio wa taa, na yale uliyokwisha kujaribu. Mwonyeshe ile video ya simu. Kama tatizo ni la skrini nyeusi, diski haina kazi huko: itoe ubaki nayo nyumbani, na kama ni mashine ya zahanati, shule au duka lenye taarifa za wateja, fanya hivyo bila kujadiliana. Ikiwa lazima iende na diski, piga picha namba zilizo kwenye kibandiko cha diski na cha kila kijiti cha RAM, mbele yake, kabla ya kasha kufungwa. Mwulize bei ya kupima peke yake, na umwombe akurudishie kifaa chochote atakachokitoa.